Kitanda cha Nyanya

Harusi ya mdogo wangu ilipita salama na mkuu mpya wa kituo ameripoti kazini, lakini kilichonikaa rohoni wiki hii ni swali la mwalimu wetu wa kusahihisha. Alikuwa ameweka magotini kurasa za hadithi ya Darasa la Nne zilizoandikwa kwa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, akizipapasa mstari baada ya mstari, mara kidole chake kikasita, akauliza mbele ya watu wote: "Mwanangu, hiki kitanda ni cha nani?" Nami, nikidhani anauliza habari za hadithi, nikamjibu, "Ni cha nyanya, Mwalimu." "Nyanya Mwingereza?" akasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Neno "kitanda", katika nukta nundu isiyofupishwa, huchukua seli saba, yaani vikundi saba vya nukta, kimoja kwa kila herufi. Pale lilikuwa na seli tano tu, kwa kuwa herufi a, n na d zilikuwa zimemezwa na alama moja ya nukta 1, 2, 3, 4 na 6, ambayo ni kifupisho cha neno la Kiingereza "and". Programu yetu, iliyojengwa juu ya Liblouis, maktaba ya programu inayogeuza maandishi kuwa nukta nundu, ilikuwa imekosa jedwali la Kiswahili, yaani faili la kanuni za kugeuza herufi kuwa nukta, ikachukua la Kiingereza kimyakimya na kuandika lalamiko lake katika faili la kumbukumbu ambalo hakuna anayelifungua. Ingekataa kazi waziwazi, ningeiheshimu zaidi.

Usiku nilitunga majibu ya werevu ambayo ningempa Mwalimu, kila moja likiwa limechelewa, na mchana nililitafuta jedwali. Lilikuwepo, sw-ke-g1.utb, nikiliona kwa macho yangu. Nililinakili peke yake mahali pengine, nalo likagoma vilevile, kwa sababu jedwali moja huita mengine kwa majina, na hayo mengine yalikuwa yamebaki kule kule. Hapo ndipo nilipoisoma upya njia iliyoandikwa kwenye LOUIS_TABLEPATH, mpangilio unaoiambia Liblouis majedwali yako kwenye folda gani. Fundi aliyetuhamishia kazi kwenye kompyuta mpya alikuwa ameiita folda "Majedwali, Kiswahili", ilhali Liblouis huutumia mkato kutenganisha folda moja na nyingine. Njia yetu moja ikasomwa kama mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwepo. Niliufuta mkato, nikarekebisha njia, nikaagiza tafsiri upya, na kitanda kikarudi na seli zake saba. Nilifurahi kupita kiasi, nikamwita hata mlinzi aje aone, ingawa hasomi nukta nundu.

Sasa naliona lile swali kwa jicho jingine, maana Mwalimu alikuwa ameutaja ugonjwa wote kwa maneno machache, nami nikamjibu habari za nyanya. Bado linauma kidogo. Aliponirudishia kurasa mpya alisema tu kwamba ukurasa wa tisa una nafasi mbili pasipostahili.

Goti la mama limevimba tena, daktari anataka apigwe picha Jumanne, na gari la baba bado liko gereji.