Koti la David Holm

Juzi usiku nilimwonyesha bibi yangu Körkarlen, filamu ya kimya ya mwaka 1921. Mwongozaji wake, Victor Sjöström wa Uswidi, aliitoa kwenye riwaya ya Selma Lagerlöf, yule mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1909. Macho ya bibi yamechoka na maandishi, basi kila maneno yalipotokea kwenye skrini nilimsomea kwa Kiswahili.

Katika hadithi hiyo, anayekufa wa mwisho mkesha wa mwaka mpya ndiye hushika hatamu za mkokoteni wa mauti mwaka mzima, akizoa roho. Kuna mahali mkokoteni unakwenda juu ya bahari, mwendeshaji anashuka hadi chini kabisa kumchukua aliyezama. Mpiga picha, Julius Jaenzon, aliupitisha mkanda uleule kwenye kamera zaidi ya mara moja, ndiyo maana mawimbi yanaonekana kupitia mwili wa mzimu. Bibi akanishika mkono. "Mwache apite," alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia.

Watu husifu sana pale David Holm, mlevi anayeigizwa na Sjöström mwenyewe, anapovunja mlango kwa shoka huku mkewe na watoto wako upande wa pili. Inatisha kweli. Lakini bibi alikuwa fundi cherehani miaka arobaini, na kilichomuuma ni koti.

David anafika usiku kwenye nyumba ya Jeshi la Wokovu, koti limechanika vibaya. Wakati amelala, Dada Edit, mhudumu wa Jeshi hilo, analishona usiku kucha. Asubuhi David analitazama, anacheka, kisha anavichana viraka vyote mbele yake. Hakuna neno linalohitajika hapo. Unaona vidole vinavyovuta, na uso wa binti aliyekesha. Na koti lile lilikuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Ndicho kinachomuua Edit, na hata akiwa kitandani anakata roho bado anaomba aitiwe David.

Nadhani hapo ndipo Sjöström alipomwelewa Lagerlöf kuliko kwenye mizimu yote.

Filamu ilipokwisha bibi hakuuliza habari za mkokoteni. "Rudisha pale anaposhona," alisema. Nikarudisha. Akasogeza kiti hadi karibu na skrini, akawa anaiangalia mikono ya Edit tu.