Siku Moja Maishani Mwangu: Kupaua Madarasa Mawili

Mimi ni Afisa Mtendaji wa Kijiji katika uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, na siku ninayoieleza ni Jumanne moja ya mwezi Novemba, wakati minada ya korosho ikiendelea na kila mtu akiyatazama mawingu.

Saa 12:30 asubuhi nilikuwa tayari shuleni, ambako maboma mawili ya madarasa, yaani kuta zisizo na paa, yamesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Wananchi ndio walioyafikisha hapo, kwa kukubaliana katika mkutano mkuu wa kijiji kuchangia kiasi katika kila kilo ya korosho kupitia chama chao cha msingi cha ushirika, na kwa kufyatua matofali wenyewe. Kwa kuwa huku juu hatuna mito, maji ya kuchanganyia zege tuliyanunua kwa boza. Makisio yanayotoka ofisini huhesabu saruji, nondo na kokoto kwa uangalifu mkubwa, lakini maji huyapita kana kwamba kila kijiji kina bomba, ilhali kwetu maji ndiyo yaliyotumaliza.

Mwezi uliopita halmashauri ilituletea shilingi 25,000,000 kutoka mapato yake ya ndani, yaani shilingi 12,500,000 kwa kila boma. Fedha hizo nazo, ukizifuatilia, zimetoka mkorosho uleule. Mnunuzi hulipa ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, na sehemu ya makusanyo hayo hupaswa kwenda kwenye miradi ya maendeleo. Kwa hiyo msimu mzuri hupaua darasa, na msimu ambao ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umekausha maua huliacha boma likiota majani.

Saa 2:45 lori la mbao na mabati liliwasili. Chini ya utaratibu wa fosi akaunti, shule hununua vifaa yenyewe na fundi hulipwa ufundi tu, hivyo kamati iliyonunua haitakiwi kuwa ndiyo inayopokea. Katika kamati yetu ya mapokezi yumo mzee mmoja aliyekuwa seremala. Aliichagua papi moja, mbao nyembamba ya kupaulia, katikati ya rundo, si ya juu, akaikandamiza kwa ukucha wa kidole gumba, na unyevu ukajitokeza kwenye alama ya ukucha.

“Mzee wangu, hizi zitakaukia hukohuko juu,” dereva alimwambia.

“Zikikaukia juu zitapinda, mjukuu wangu, na bati litapinda nazo. Watakaonyeshewa ni watoto wetu, si wewe.”

Tulizikagua zote kwa zaidi ya saa moja, tukakataa mbao 46. Sikusaini hati ya mapokezi mpaka idadi hiyo ilipoandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, maana hati iliyosainiwa haraka ndiyo mlango ambao fedha za umma hupotelea, na fundi huja kulaumiwa baadaye kwa kosa lililotendeka langoni.

Saa 5:00 mwalimu mkuu nami tulihangaika na mtandao ili kukamilisha taarifa za fundi katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao. Nauunga mkono mfumo huu, kwa kuwa fundi hapatikani tena kwa kujuana, lakini shule ya kijijini yenye mwalimu mmoja tu aliyefundishwa kuutumia husimama kila anapougua.

Saa 7:00 mchana nilipita darasa la tatu. Kiwango ni wanafunzi 45 katika chumba kimoja. Niliowahesabu walikuwa 97, wengine wakiandikia magotini. Nyuma ya darasa, foleni ya wasichana chooni haikuisha mpaka kengele ilipolia. Kiwango kinataka tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, lakini fedha za kukamilisha maboma hazigusi choo hata kidogo. Kwangu mimi, darasa lisilo na choo halijakamilika, hata likipakwa rangi na kukabidhiwa, na nimeliandika hilo katika kila taarifa ninayoipeleka kwa Mtendaji wa Kata.

Saa 10:00 jioni tulikutana chini ya mwembe katika mkutano mkuu. Nilisoma mapato na matumizi, na mama mmoja akasimama kabla sijafunga daftari.

“Mtendaji, tulifyatua matofali 4,000. Wewe umesoma 3,860. Hayo mengine yako wapi?”

Yalivunjika wakati wa kusombwa, na hakuna aliyeandika siku hiyo. Nililikiri hilo mbele ya wote na kuomba radhi, kwa sababu waliotoa jasho lao wana haki ya kuuliza tofali lao lilikoishia. Mkutano uliazimia kwamba kuanzia sasa kinachovunjika kiandikwe sawa na kinachojengewa.

Saa 1:30 usiku nilibandika hesabu kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, nikimulika kwa simu. Mwuzaji alipiga akaahidi kwamba mbao kavu zingefika Alhamisi, na akaniomba niandike kwamba mzigo umekamilika. Nilichukua kalamu nikaongeza mstari chini ya hesabu: mbao 46, hazijapokelewa.