Kabla Hujaambiwa Ubao Mama Umeungua

Mwezi uliopita dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mpwapwa, aliniletea kompyuta yake mpakato ya mwaka 2011 akiwa ameshakata tamaa. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika chache tu, akasema ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, umeungua, kisha akataka kuinunua kama spea. Ndani yake mlikuwa na mitihani na maazimio ya kazi ya miaka sita, na hakuwa na nakala popote.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu kingine nilichomoa diski, nikaitia kwenye kasha la USB na kunakili mafaili yote kwenye kompyuta yangu. Diski haihitaji ubao mama wa kompyuta yake ili isomeke, na kila anayepeleka mashine kwa fundi anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Tunaposema kompyuta imegoma kuwaka tunachanganya mambo matatu. Isiyopata umeme haitoi taa wala sauti. Inayopata umeme bila kuanza huwasha taa na kuzungusha feni huku skrini ikibaki nyeusi. Inayoanza lakini ikashindwa kuifikia Windows huonyesha angalau nembo au maandishi, na ni hii ya mwisho tu ambayo tatizo lake linaweza kuwa la programu. Inanisikitisha sana kuona watu wakipigiwa Windows upya ilhali ubovu uko kwingine, mafaili yao yakapotea bure.

Chaja ya dada imeandikwa volti 20, na mita ya kupimia volti ilisoma 20. Nilitoa betri, nikachomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha nikajaribu kwa chaja peke yake. Taa iliwaka, feni ikazunguka kwa sekunde kama tatu, ikakatika, halafu ikaanza tena. Niliimulika skrini kwa tochi ya simu, kwa sababu mwanga wa nyuma ya kioo ukifa picha huonekana kwa mbali, lakini sikuona chochote. Feni inayoanza na kukatika namna ile ilinifanya nizishuku kwanza kadi za kumbukumbu, zile ambazo mafundi huziita RAM na ambazo hushikilia kwa muda kazi inayofanywa na kompyuta.

Nilichomoa tena chaja, nikafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi ndogo. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa hadi kwenye pembe za soketi. Kadi zilikuwa mbili, moja ya GB 4 na nyingine ya GB 2, kila moja ikiwa imebanwa na vishikizo viwili ambavyo ukivisukuma kando kadi huinuka yenyewe na kukaa mshazari. Meno yake, ambayo hung'aa kama dhahabu kadi ikiwa mpya, yalikuwa yamefifia na kuwa na rangi ya chai. Niliyasugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, nikapangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, nikasubiri yakauke. Kisha nilizijaribu moja moja, kila moja katika soketi zote mbili. Ile ya GB 4 iliwasha mashine kote kuwili, na ile ya GB 2 ilishindwa kote kuwili, hivyo nikajua kwamba soketi ni nzima na kadi ndiyo iliyokufa. Ubao mama haukuwa umeungua.

Lilibaki jambo dogo. Betri ya saa ya ndani ya kompyuta, ile bapa ya CR2032 ambayo ikiwa mpya huwa na volti 3, ilikuwa imeshuka hadi 2.1, na tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Katika hali hiyo kivinjari hukataa kufungua tovuti zenye ulinzi kwa kuwa huona vyeti vyake vya usalama kama havijaanza kutumika, na mtu anaweza kudhani intaneti ndiyo mbovu. Nilibadilisha betri, nikaweka tarehe na saa sahihi, kurasa zikafunguka.

Dada ameichukua ikiwa na GB 4 tu, ambazo zinamtosha kuandikia. Pamoja nayo nimempa diski ya nje, na nimemwomba aichomeke kila Ijumaa kabla hajatoka ofisini.