Simulesheni yangu ya vitanda vya ICU, wiki ya tatu

Wiki iliyopita nilikwama vibaya. Hospitali yangu ya kwenye kompyuta (vitanda 10 vya ICU, yani vya wagonjwa mahututi, jina haina) ilikua inaenda vizuri mpaka kwenye siku ya 90 hivi, halafu basi, hapokelewi mtu tena mpaka mwaka unaisha. Mi nikajua ndo janga lenyewe hilo, nikafurahi kabisa. Kumbe mgonjwa akipona anaachia kitanda, akifariki haachii, yani maiti zilikua zimelala ICU miezi tisa. Mstari mmoja tu wa Python, lugha ninayoandikia programu, na nimehangaika nao siku tatu.

Nikarekebisha, nikaanza na hali ya kawaida kabla ya kuleta mlipuko. Kwa wastani anakuja mgonjwa 1 kwa siku, analala siku 8. Hesabu ya kichwani: 1 mara 8 ni vitanda 8, mi nina 10, vinabaki viwili, hapo shida iko wapi? Lakini programu inasema katika kila wagonjwa 100, 12 wanakosa kitanda. Nikajua kuna kosa lingine. Nikaenda kuhakiki na fomula ya Erlang, yule Mdenmaki wa kampuni ya simu ya Copenhagen aliyeitoa 1917 akihesabu laini za simu zinazohitajika, nayo ikaleta 12 ileile! Sababu ni kwamba wagonjwa hawaji mmojammoja kwa zamu, Jumatatu haji mtu, Jumanne wanakuja wanne, wastani haukuambii hilo.

Kilichonishangaza zaidi, nikachukua hospitali mbili za hivyo nikaziruhusu zitumie vitanda vyote 20 kwa pamoja, wanaokosa wakashuka hadi 6 katika kila 100. Kitanda kipya hata kimoja sijanunua, ni simu na ambulansi tu.

Jioni nikamwonyesha dada yangu, yeye ni nesi. Grafu hata hakuiangalia vizuri.

"Huyu katoka saa nne, na huyu kaingia saa nne hiyohiyo. Godoro kafuta nani?"

Haya, nikaweka masaa 6 ya usafi, 12 ikawa 13. Akacheka. "Na manesi mko wangapi humo?"

Hakukua na nesi hata mmoja. Nikakumbuka London, Aprili 2020, walivyofungua Nightingale, hospitali ya dharura ya korona, ndani ya ukumbi wa maonyesho wa ExCeL, mpango ulikua mpaka vitanda 4,000, wakaishia kulaza wagonjwa wachache mno, na manesi wa ICU ilikua moja ya shida zao kubwa. Nikaweka manesi 4 kila zamu, nesi 1 wagonjwa 2. Wanaokosa wakapanda hadi 24 hivi, huku vitanda viwili vimetandikwa vizuri kabisa na hamna nesi wa kuvihudumia.

Mlipuko nimeuwasha jana tu, wagonjwa wanaongezeka mara mbili kila siku 5 (namba nimeichagua mwenyewe). Nikatoa vitanda 10 nikaweka 20, na manesi wao mara mbili, hospitali ikachelewa kujaa kwa siku kama 5 tu. Nimerudia mara 200 na laptop inachemka kama pasi, jibu ni lilelile.

Kinachofuata ni manesi nao waanze kuugua na kukaa nyumbani siku 14. Dada kasema kama hicho hakimo nisimletee tena grafu.