Themostati ya 82

Mwanangu ameichimbua leo kwenye kopo la misumari, akaja nayo kiganjani. "Baba, hii ni nini?" Nikamwambia ni themostati ya lile gari, kijimlango kinachofungulia maji ya injini yaende kupoa kwenye rejeta yakishapata moto. "Iliharibika?" Nilitaka kusema ndiyo, kama nilivyosema miaka yote. Neno likagoma kutoka.

Lile gari lilikuwa Mazda MX-5 nyekundu ya mwaka 1990, injini ya lita 1.6, viti viwili, taa zinazoinuka kama macho ya chura. Nilikuwa nimebadilisha mpira wa juu wa rejeta, bomba la kupitishia maji, mwenyewe, bila kumwita mtu, na nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kisha jioni moja, niko kwenye foleni, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita mpaka mwisho ili inisaidie kuvuta joto, ikanipulizia hewa baridi usoni. Nikazima injini kabla mshale haujafika kwenye nyekundu. Silinda hedi ya gari lile, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, na alumini ikipata joto kupita kiasi hupinda. Hilo nililijua, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Nilimpigia Mjomba nikiwa na jibu tayari: themostati imekwama. Nilikuwa nimeshanunua na mpya.

Alifika asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa. Tukasalimiana, akainama, akagusa mpira wa juu.

"Huu mpya?"

"Ndiyo, Mjomba. Niliufunga mimi."

"Hewa uliitoa?"

"Niliitoa."

Sikuitoa. Sikujua hata kwamba hewa inayobaki kwenye mzunguko wa maji hutolewa. Nilijaza maji na kulanti, dawa ya kupoza injini, mpaka mdomoni, nikafunga mfuniko, nikaondoka. Mjomba aliniangalia kidogo, kisha akaomba spana.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Tulikinga kulanti kwenye beseni, tukalegeza bolti za kifuniko kilicho mbele ya hedi, tukabandua gasketi iliyokuwa imegandamana na chuma. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, nikikwangua taratibu kwa wembe, kwa sababu Mjomba alisema mkwaruzo mmoja tu kwenye uso ule utavujisha maji kila siku. Themostati ikatoka na utando wa kahawia. Nikaishika juu kama ushahidi.

"Tuipime kwanza," akasema. "Zote mbili."

Akaweka sufuria ya maji jikoni. Akatafuta uzi, akaukata vipande viwili, na kila kipande akakibana kwenye mdomo wa themostati moja: unausukuma mdomo kwa kidole gumba, unapitisha uzi, unaachia springi inaubana. Ncha za juu akazifunga kwenye spana aliyoilaza juu ya sufuria. Zikaning'inia majini bila kugusa chini, maana chuma cha sufuria kina joto kuliko maji na kingetudanganya. Kipimajoto kikawa katikati.

Tukasimama. Zote mbili zilikuwa zimegongwa namba 82, nyuzi za joto ambazo mdomo hufunguka. Mjomba alinieleza kwa sauti ya chini kwamba ndani ya kile kikopo kidogo cha shaba kuna nta. Ikipata moto inayeyuka, inatanuka, inasukuma pini, na mdomo unafunguka. Hakuna umeme. Hakuna anayeiamuru. Vitone vidogo vikaanza kung'ang'ania pembeni mwa sufuria. 70. 75. Nilikuwa natazama ile ya zamani tu, nikiiombea ibaki imefunga. 80. Mvuke ukatia ukungu kwenye kioo cha kipimajoto, Mjomba akakifuta kwa kidole. 82, na kidogo.

Ya zamani ikaachia uzi. Ikazama, ikagonga chini ya sufuria, *ti*. Ile mpya ikabaki inaning'inia kwa muda uliotosha mimi kusikia mapigo ya moyo wangu, halafu nayo ikaanguka.

"Ya zamani imewahi kuamka," Mjomba akasema. Basi.

Tukafunga ile mpya, kwa kuwa ilikuwa imeshanunuliwa. Kitundu chake cha kupitishia hewa akakielekeza juu na kunionyesha kwa kidole bila maneno. Kisha akainua pua ya gari kwa jeki ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu, akaweka hita kwenye joto la mwisho, mfuniko ukabaki wazi, injini ikanguruma polepole.

"Siku ile ulipozima, hita ilikuwa inatoa joto?"

"Baridi, Mjomba."

Akatikisa kichwa. Viputo vikaanza kutoka, vikubwa, kimoja baada ya kingine, na kila kilipopasuka maji yalishuka nami nikaongeza. Vilitoka kwa muda mrefu. Tulivitazama wote wawili.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa swali lake. Kwenye injini ile maji ya hita hutokea nyuma ya hedi, hayapiti kwenye themostati. Themostati ikikwama imefunga, hita bado inachoma. Hewa ikikaa kwenye mzunguko, hita inapoa huku injini ikiungua. Hata hivyo nimewahi kujiambia kwamba labda ilikwama mara moja tu ile jioni, kisha ikaachia. Hutokea.

Mshale haukupanda tena. Mjomba aliifuta themostati ya zamani kwa kitambaa, akanipa. "Iweke, itakufaa." Gari niliwasimulia watu kwamba nililiponya kwa kubadilisha themostati, na niliwahi kulisema hilo mbele yake, naye akaendelea kunywa chai.

Mwanangu alitaka kuiona ikifanya kazi, basi tumechemsha maji. Nimembania uzi mwenyewe. Imefunguka 82.

"Sasa mliitoa ya nini?"

Nimempelekea Mjomba salamu, amejibu kwamba yuko nyumbani jioni hii. Nitampigia. Sijui nianzie kwenye hita au kwenye mpira.