Kanga Waliopotea Sebuleni

Desemba 2008 nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nipo likizo nyumbani Mwanga, mjini Kigoma. Sebuleni kwetu kulikuwa na tangi la samaki lenye urefu wa mita moja na kitu. Alilitengeneza fundi wa vioo wa mtaani, likavuja siku mbili, akarudi akaliziba kwa silikoni huku akiulaumu mchanga niliouweka. Wageni wakija walilitazama weee, kisha swali lile lile: hawa mnawala lini? Kigoma samaki ni dagaa, mgebuka, kuhe. Samaki wa kutafutiwa chakula na kubadilishiwa maji kama mtoto mchanga, watu walimwona kama kichekesho.

Chanzo cha yote ni mjomba. Alikuwa mpiga mbizi wa watu waliosafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya. Wale waliochanika mapezi mteja hawataki, kwa hiyo mjomba aliniletea mimi, kwenye mfuko wa plastiki uliojazwa hewa na kufungwa kwa mpira. Ndiyo kusema tangi langu lilijaa kwa masalia. Sikuchagua nani akae na nani.

Walikuwemo duboisi kumi na wawili, wadogo, urefu wa kidole, weusi ti na madoa meupe mwili mzima. Niliwaita kanga. Mjomba alisema wakikua madoa yatafutika, kichwa kiwe cha buluu na mwili upate mshipi mpana, lakini mimi niliwapenda hivyo hivyo. Walikuwemo brichadi wawili, dume na jike, mikia yao imechongoka pande mbili kama ya mbayuwayu. Na alikuwemo frontosa mmoja, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima na zaidi, ana nundu kwenye paji la uso na mistari saba myeusi. "Hesabu," mjomba aliniambia. "Wa Burundi ana sita. Saba ni wa kwetu."

Wote hao ni jamaa moja na sato na perege. Lakini ndugu kulala chumba kimoja ni habari nyingine.

Maji niliyachota mwenyewe Kibirizi, madumu manne kwa baiskeli, safari tatu. Kwenye hilo mjomba hakuwa na mzaha: samaki wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye magadi, pH (kipimo cha tindikali na magadi) inayokaribia 9, ukiwatia maji ya mvua unawaua. Sharti lake la pili lilikuwa la chakula. Duboisi kazi yake ni kukwangua ukoga kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa majani. "Ukimzoesha dagaa, tumbo linavimba, choo kinatoka cheupe kama uzi, halafu unamzika." Nilitishika. Nikawa natoa mawe ziwani Bangwe, nayaanika kwenye beseni la maji juani mpaka yaote kijani, ndipo nayaingiza kwenye tangi. Kanga waliyashambulia kama mbuzi kwenye shamba la mtu.

Frontosa yeye anakula nyama. Nikimtupia dagaa, kanga walikuwa wepesi kuliko yeye, wanamnyang'anya mdomoni. Nikaona bora nipunguze. Dagaa mmoja kwa siku mbili, baadaye hata huyo nikamnyima. Alikuwa mpole, anaelea pale katikati kama mzee wa baraza, nami nikajiambia mwili mkubwa ule una akiba.

Wiki moja kabla ya Krismasi nilihesabu kanga, wakawa kumi na mmoja. Kesho kutwa, kumi. Halafu wanane. Hakuna mzoga, hakuna mfupa, na sakafuni hakuna aliyeruka.

Mshukiwa nilikuwa naye tayari. Brichadi walikuwa wametaga kwenye tundu la jiwe kona ya kushoto, na tangu siku hiyo hakuna aliyepita pale salama. Walimkimbiza kila mtu, hata frontosa. Niliona kwa macho yangu kanga akitoka kule pezi likiwa na pengo. Ushahidi gani tena? Nikawavua wote wawili kwa chandarua cha mama, nikawatia kwenye ndoo uani. Vitoto vyao, vidogo kama punje za mtama, vikabaki vimejibana kwenye tundu. Asubuhi ya pili sikukiona hata kimoja.

Mdogo wangu, wakati huo ana miaka sita, alisimama mbele ya tangi anakula muwa. "Kaka, huyu mwenye nundu humpi chakula, mbona hakondi?"

Nilimwambia aache kudondosha maganda.

Usiku wa tarehe 23 umeme ulikatika. Pampu ya hewa ikanyamaza, nami nilikuwa nimelala fofofo. Kulipokucha kanga walikuwa juu wanahema kwenye uso wa maji, sita tu. Frontosa alikuwa amelala ubavu chini, ameshakufa. Mwili mkubwa unataka hewa nyingi.

Nilitaka kumzika nyuma ya mpapai. Bibi, ambaye alikuwa amekuja kutoka Ujiji kwa ajili ya sikukuu, alinitazama kama niliyetukana. Akamfunua matamvua kwa kidole, akakuta bado mekundu, akasema samaki mzima namna hii hatupwi kwenye nyumba anayokaa yeye. Akavuta kibao cha mbuzi, akaketi, akaanza kumpara. Magamba yakamrukia mpaka kwenye kilemba. Alipompasua tumbo kisu kikakwama kwenye kitu, akaingiza kidole gumba na kuvuta.

"Mjukuu wangu, huyu amekula samaki wenzake."

Walikuwa wawili. Mmoja alishalainika, amebaki uti na ngozi. Wa pili alikuwa mzima kabisa, amekunjwa kama barua, na madoa yake meupe yote yakihesabika. Bibi alimweka kwenye ukingo wa kibao, akaendelea na kazi.

Mjomba alipokuja mchana hakucheka. Aliniambia kule chini kwenye kina kirefu frontosa hawindi kwa mbio. Anangoja giza, wadogo wakishasinzia anawasogelea polepole na kuwameza. "Na wewe ukamlaza na njaa."

Nilikwenda uani kuwarudisha brichadi. Jike lilikuwa hai. Nililitia kwenye tangi, likaenda moja kwa moja kwenye kona ya kushoto, likaingia kwenye tundu, likatoka, likaingia tena.

Jikoni mawese yalikuwa yameshachemka, na vitunguu vinanukia mpaka barazani. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza kama nundu inaliwa. Bibi akamkatia.