Jumapili ya sukari

Wiki ya nne sasa. Kila Jumapili baada ya ibada tunakutana wauza duka saba hapa Mbuyuni, Moshi, kwenye stoo ya duka letu, kujifunza kompyuta. Laptopu mbili, na mwalimu ni mimi (msicheke, nami nimejifunza mwaka jana tu).

Leo nilikaa na dada mmoja aliyeanza kuuza kabla mashine za EFD (zile za kutoa risiti za kodi) hazijaingia nchini 2010. Mashine hiyo anaijua kuliko mimi, karatasi ikikwama anaichomoa kwa kucha. Lakini mausi! Alikuwa anainyanyua hewani kama rimoti ya TV, akingoja mshale usogee. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha tukahamisha hesabu za sukari kutoka kwenye kaunta buku lake kwenda kwenye Excel. Iliyoingia, iliyouzwa, iliyobaki. Kompyuta inasema zimebaki kilo 14. Kwenye gunia zipo 11. Akanyamaza, halafu akasema, "Ni zile robo." Kumbe anapima robo kilo kwa mkono wa huruma, kila mfuko unazidi kidogo. Na miaka yote bosi anadhani tunamwibia!

Kazi zenyewe zinabadilika jamani. Mteja anaulizia lipa namba (ya kulipia kwa simu) kabla ya bei, na ukienda kuomba ukeshia supamaketi unaulizwa kompyuta kwanza.

Jumapili ijayo analeta hesabu za mchele. Ila ameniomba bosi asijue kwanza, anataka wiki moja ya kupima sukari kwa mizani.